Majani ya Nyumba Nyingi kwa Namba Moja

Daktari wetu wa takwimu alipenda kuitwa daktari hata na mpanga viti. Aliletwa kwenye ofisi yetu ya Kisii atufundishe kuwagawa wakulima wa chai katika makundi kwa kompyuta, kulingana na majani wanayopeleka kiwandani, ili kila kundi lipelekewe mbolea inayolifaa. Njia yake haikuwa na mipaka mikali: mkulima aliweza kuwa nusu kundi hili, nusu lile, mradi vipande vyake vikijumlishwa vifike kizima. Hapo ndipo ujinga wenye shahada ulipoanzia.

Kulikuwa na mjane wa Nyacheki aliyepeleka majani kupita kiasi. Hakufanana na kundi lolote, lakini kanuni ilimlazimisha agawanywe hivyo hivyo, akavuta kitovu cha kila kundi, yaani wastani wake, kuelekea kwake. Majirani zake, watu wanaoingia kwenye chai umande haujakauka, wakaonekana wavivu.

Daktari alitazama kioo cha kompyuta, akapiga miayo. "Huyo ni kelele, anavuruga hesabu tu. Mfute."

Mtoto yeyote wa huku angemweleza. Marehemu mumewe hakugawa shamba, kwa hiyo wana na wake zao huchuma na kupeleka kwa namba moja ya mkulima, ya mama. Hata kwetu Sironga tunafanya hivyo. Kumfuta mjane ni kuzinyima mbolea nyumba zote za boma lile. Nilimwambia. Akajibu kwamba takwimu hazina mashemeji, akacheka peke yake.

Nikaiandika kanuni upya. Nilimruhusu mkulima awe mbali na makundi yote, vipande vyake visifike kizima, na kadiri alivyo mbali ndivyo avute kidogo. Makundi yakatulia, majirani wakaondokewa na uvivu wa kusingiziwa, na mjane akabaki pembeni na alama kwamba atembelewe. Mkutanoni daktari aliisifu kazi hiyo kana kwamba ni yake. Sikushangaa, nilizidi kumdharau tu.

Tulikwenda Nyacheki pamoja, yeye na viatu vyake vya harusi. Wakaza wana walikuwa shambani wakichuma, vikapu mgongoni. Mjane alitupokea uani.

"Mama, mkulima hapa ni nani?" daktari akauliza.

Mjane aliwatazama wale wanawake. "Ni sisi."

"Nauliza mwenye namba."

"Namba ni yangu. Majani ni yetu."

Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaandika kwenye simu: mkulima mmoja. Mbolea ilipofika, ilikuwa ya mtu mmoja.