Povu Lisilo la Sabuni

Kina mama wenzangu, mie ni Mwanaidi, muuza vitumbua wa mtaa wa Mabawa. Leo nasema ya chooni, kwa hiyo mwenye haya azibe masikio.

Tangu usichana nilikuwa kimbaombao. Nikafiwa na mume wangu wa kwanza, nikakonda zaidi. Nilipoposwa na Bakari, fundi seremala, nikataka nami nionekane bibi harusi. Nikanunua krimu ya kung'arisha kwa mama mmoja anayetembeza vitu, kopo halina hata maandishi. Nikawa napaka usoni na mikononi asubuhi na jioni, na baada ya harusi sikuacha. Niling'aa kweli.

Kisha nikaanza kujaa mashavu. Wateja wakanishangilia. "Mwanaidi umenawiri! Ndoa imekukubali!" Shoga yangu Tatu akasema, "Huyo Bakari anakulisha nini? Tuambie na sie." Mie nikicheka, nimefurahi mno. Pete ikanibana, nikaona ni neema. Asubuhi naamka macho yamevimba, nikasingizia moshi wa jikoni. Jioni miguu inakuwa mizito, kanda za ndala zimeniachia mitaro.

Chooni nako nikawa naona povu. Nikikojoa linajaa, jeupe, dogodogo, zito. Namwaga kopo la maji, lipo. Namwaga jingine, bado lipo. Nikajua ni sabuni, maana anayeosha choo chetu ni Bakari. Siku moja nikamkoromea kutoka huko huko ndani.

"Baba we! Sabuni ya unga unaimaliza chooni, na wala husuuzi!"

Akaja na randa yake mkononi. "Sabuni gani, Mwanaidi? Humu ndani haimo tangu Ijumaa. Nilikwambia ununue, ukasahau. Choo nasugua kwa majivu."

Looh! Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja.

"Basi hilo povu la nini?" akaniuliza. Akanikalisha kibarazani, akanibonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki. Tukaliangalia wote wawili, halijai.

Kesho yake alinipeleka hospitali. Nikatoa mkojo, mtu wa maabara akachovya kijiti, kikageuka rangi papo hapo. Daktari alikuwa binti mdogo, mtulivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina nini?"

"Ukipiga ute wa yai, si unatoa povu? Ute ule ni protini. Figo ni chujio, linatoa uchafu na kuiacha protini kwenye damu. Chujio lako linavuja, protini inatoka na mkojo. Ikipungua kwenye damu, maji yanahamia kwenye nyama. Huu si unene, mama. Ni maji."

"Figo zangu zinakufa?"

"Tukichelewa, zinaweza."

Nililia pale pale. Mie nimeshaonja ujane, sikutaka Bakari naye abaki mgane, ndoa yenyewe bado mbichi.

Yule binti akanishika mkono, akatazama vifundo vya vidole vyangu. Uso wangu ulikuwa mweupe, vifundo vyeusi. "Unapaka nini, mama?"

"Mafuta tu."

"Mwambie kweli," akasema Bakari.

Nikamwambia. Akanieleza kwamba krimu nyingi za namna ile zina zebaki, nayo ni sumu ya figo. Nikapimwa zaidi, nikaonwa na bingwa wa figo, na wote wakasema krimu basi. Nikapewa dawa za kupunguza maji na za kuzilinda figo. Chumvi wakanipunguzia, dawa za maumivu za kujinunulia wakanikataza.

Haikuwa rahisi. Kabla dawa hazijakolea, tumbo lilijaa, mapaja yakawa yanasuguana, nikilala chali pumzi inakata. Bakari akinipikia mchuzi hauna chumvi, naye anakula huo huo. Kisha nikaanza kukojoa, nakojoa, nakojoa! Miezi ikapita, povu likipungua. Siku daktari aliponionyesha kijiti ambacho hakikugeuka rangi, nilimkumbatia mbele za watu.

Namshukuru Mungu, namshukuru binti yule, namshukuru mume wangu na majivu yake. Nanyi sikilizeni. Povu la siku moja lisikutishe, mkojo ukitoka kwa kasi unaweza kutoa povu. Likirudi kila siku, kapime, na usingoje kuvimba. Mwenye kisukari, mwenye presha na mjamzito, wewe hasa. Kipimo chenyewe ni cha muda mfupi tu.

Sasa nimerudi kuwa kimbaombao, na weusi wangu umerudi. Juzi mteja kaniangalia kwa huruma. "Mwanaidi, mbona umekwisha hivyo? Ndoa imekushinda?"

Nikaizungusha pete kidoleni, imelegea. "Alhamdulillahi," nikamwambia. "Nimepungua."