Seredani tatu, sufuria moja: nilivyokuwa mpangaji wa mpangaji Mkunazini

Wakuu, assalaam aleikum, na msio na salamu hiyo hamjambo.

Nasema wakuu kwa kuwa ndivyo mnavyoitana humu, ingawa kwa umri wangu wengi wenu ilikuwa mniamkie Shikamoo kwanza, nami niitikie Marahaba, ndipo tuzungumze. Si kitu. Nshazoea.

Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja analia. Kapanga chumba, kumbe aliyempangisha naye kapanga, na mwenye nyumba wa kweli kaja kabadilisha kitasa. Badala ya kumpa pole mkamcheka. Mmoja wenu kaandika "ujinga wa vijana wa siku hizi."

Siku hizi?

Haya, kaeni kitako. Nitakayoyasema ni kweli tupu. Chumvi iliyomo humu ni ya kwenye mchuzi tu.

Miaka ya hamsini, mimi na marehemu mume wangu Makame tulihamia mjini Unguja kutoka kisiwani kwetu Tumbatu. Yeye akishona magunia kwenye ghala la karafuu bandarini. Tulitafuta chumba mpaka miguu ikaota sugu. Mwisho tukakipata Mkunazini, kwa bwana mmoja jina lake Seif, karani, mwenye miwani na maneno laini kama halua.

Bwana Seif hakuwa mwenye nyumba. Aliikodi nzima kwa mtu anayeitwa Bwana Nassor. Chumba cha mbele akakaa yeye na mkewe, Bi Moza. Cha kati akatupa sisi. Cha nyuma akampa Mwajuma na mumewe, fundi wa chokaa, watu wenye asili ya Songea, bara.

Tatizo ni moja tu. Bwana Nassor alikataza katakata mpangaji wake asimpangishe mtu mwengine.

"Jambo dogo hilo," akasema Bwana Seif. "Mkiulizwa, nyinyi ni watoto wa dada zangu. Wewe wa dada yangu mkubwa, na Mwajuma wa dada yangu mdogo."

Mwajuma hajui kunyamaza tangu kuzaliwa. Akamuuliza, "Huyo dada yako mdogo kaolewa Songea?"

"Kaolewa mbali," akajibu Bwana Seif, akaenda zake.

Basi tukawa wapwa. Mapatano yetu na yeye yalikuwa ya mdomo, hakuna hata kikaratasi. Na karatasi ya nini kwa mjomba wako?

Sasa nikwambieni ulinzi wa nyumba zile ulivyokuwa. Bwana Nassor ni mwanamme, hawezi kujipandia ghorofani penye wanawake wa watu. Akija anaishia barazani, anakunywa kahawa yake, anaondoka. Kwa hivyo ukaguzi akimtuma mama yake, Bi Rukia. Mtu mzima, mnene, na buibui lake na magoti yake mabovu.

Na Bi Rukia alikuwa hatazami kuta wala dari. Alikuwa akitazama seredani.

Nyinyi wa gesi hamtanielewa. Seredani ni jiko la makaa. Mwanamke mwenye nyumba yake ana seredani yake. Ndugu wanaokaa pamoja wanapika chungu kimoja. Basi ukikuta seredani moja, hiyo familia. Ukikuta tatu, hao wapangaji, na Bwana Seif yuko mashakani na sote nyuma yake.

Wallahi tulikimbia katika nyumba ile!

"Hodiii!" anaita Bi Rukia kutoka chini.

"Karibu Bi Rukia, pole na ngazi!" anajibu Bi Moza kwa sauti ya kuita mji mzima. Mimi na Mwajuma hao, kila mtu na seredani yake na makaa yanawaka, mbio chooni. Magoti yale mabovu, Mungu anisamehe, nikiyaombea yasipone.

Halafu ilikuwa kupakua. Wali wangu, mchuzi wa papa wa Bi Moza na mchicha wa Mwajuma, vyote juu ya sinia moja, nasi tumelizunguka tunatabasamu kama tuliozaliwa pamoja.

Siku moja choo kina mtu. Mwajuma kaitia seredani yake uvunguni mwa kitanda. Mkeka ukaungua. Bi Rukia kakaa kula, pua ikamcheza.

"Mnafukiza nini leo?"

"Udi, Bi Rukia," nikasema.

"Udi gani huu?"

"Wa Songea," akadakia Mwajuma.

Bi Rukia akatikisa kichwa, akaendelea kula. Mimi nikajua tumepona. Nilikuwa na akili nyingi mimi!

Baadaye tukachoka na mbio zile. Tukaamua tupike pamoja tangu asubuhi, kwa zamu, ili Bi Rukia akija atukute tuko tayari. Msidhani ni mapenzi, ni uvivu tu. Tuligombania pilipili kila siku ya Mungu.

Miaka mitatu ikapita hivyo.

Ukafika mchumo wa karafuu, Bwana Seif akaenda Pemba na mkewe kufanya kazi ya ukarani shambani. Alisema miezi miwili. Mwezi wa tatu ikaja barua: kapata kazi ya kudumu huko, harudi, Bwana Nassor keshapelekewa khabari aichukue nyumba yake. Mwisho kaandika anatutakia kila la kheri. Mjomba gani huyo!

Hapa naomba msicheke kwanza.

Mimi wakati ule nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nlishaharibu mbili kabla yake, na ya pili iliharibikia chomboni, njiani kwenda kwetu. Mkunga akanambia, "Hii ukiitaka, usipande chombo na usiende mbali na hospitali." Kwetu ni Tumbatu na mjini sina mtu. Chumba kile kilikuwa ndiyo nafasi yangu ya kupata mtoto, basi. Usiku na mchana nikilishika tumbo kama mtu aliyebeba mayai.

Makame akaenda kwa bwana mmoja aliyekuwa akiwaandikia watu barua za mahkama. Yule bwana kachovya kalamu wino, akamuuliza, "Nyinyi ni nani katika nyumba ile?"

Na mume wangu, kwa mazoea ya miaka mitatu, akajibu bila ya kupepesa, "Wapwa zake Bwana Seif."

Bwana akaiweka kalamu chini.

"Basi hamna la kuandika. Mpangaji ana la kusema mbele ya kadhi na mbele ya hakimu. Aliyepanga kwa mpangaji naye, ikiwa mwenye nyumba alijua akanyamaza, ana chembe ya kusema. Lakini mgeni wa mtu? Mwenyeji wake akihama, anakunja mkeka."

Mnaona tulivyokuwa werevu? Miaka mitatu tumehangaika na makaa ya moto kuthibitisha kuwa sisi ni watu wasio na haki yoyote. Na tumeithibitisha vizuri, mtaa mzima ungetoa ushahidi.

Nililia siku ile mpaka macho yakavimba. Mwajuma hakulia. Akasema, "Shoga, kama tuliweza kuwa ndugu, tutashindwa kuwa wapangaji?"

Bi Rukia alileta salamu kuwa anakuja Ijumaa baada ya sala, tumkabidhi vyumba. Ijumaa ile tukazitoa seredani zote mbili katikati ya ukumbi. Mimi upande huu na sufuria yangu, Mwajuma upande ule na yake, tumepeana migongo, moshi umejaa. Kipofu angeona kuwa hapa pana nyumba mbili.

Bi Rukia akapanda, ngazi kwa ngazi. Akafika, akatazama, akashika kifua.

"Lahaula! Mmegombana?"

"Hatukugombana, Bi Rukia. Sisi ni wa..."

"Nyamaza! Mjomba wenu kaondoka juzi tu, nyinyi mshagawana vyungu? Hamuoni haya? Na wewe una mimba!"

Akatukalisha. Akatupatanisha. Wallahi akatupatanisha! Mwajuma akaambiwa aniombe radhi, akaniomba, kajifunika kanga usoni anatetemeka kwa kicheko. Mchicha wake ukachukuliwa ukamiminwa kwenye sufuria yangu. Seredani moja ikaamriwa izimwe.

Nikaona nimekwisha. Kumbe uongo ukiuzoesha watu, ukweli wako hauna pa kuingilia. Nikamwangukia miguuni, tumbo na mambo yote.

"Bi Rukia, sisi si ndugu. Tumekudanganya miaka mitatu, tumepanga kwa Bwana Seif. Nifanye utakavyo, lakini niache nizae. Nizae tu, halafu nitoe."

Mwajuma akaacha kucheka, akaifunua kanga usoni.

Bi Rukia akaomba maji. Mwajuma akamletea kata, akanywa nusu, taratibu.

"Siku ya kwanza nilipopanda hapa," akasema, "Moza alikupa maji, ukamwambia 'ahsante sana, Bi Moza.' Nani anamshukuru mke wa mjomba wake kwa kata ya maji?"

"Kumbe ulijua?"

"Na udi wa Songea niliujua. Mimi pua yangu nzima, kibovu ni magoti."

"Sasa mbona hukusema?"

Akacheka mpaka buibui likamvuka kichwani.

"Niseme kwa nani? Wewe unadhani mwanangu Nassor ndiye mwenye nyumba? Mwenyewe yuko Mombasa. Nassor kapanga kama alivyopanga Seif, naye kakatazwa kupangisha mtu. Seif huko Mombasa anajulikana kuwa ni mtoto wa marehemu ndugu yangu. Basi piga mwenyewe hesabu, kwa barua zilizokwenda huko, wewe ni mjukuu wangu mwaka wa tatu huu."

Nikahesabu kwa vidole, ikawa kweli.

"Utazaa hapa, na arubaini utaimalizia hapa. Kodi mtanipa mimi," akasema. "Lakini mwezi ujao dada yake mwenye nyumba anakuja kutoka Mombasa kuitazama. Na yeye magoti yake mazima. Hizo seredani zifichwe mapema."

Akanipa maji yaliyobakia. "Kunywa, mwanangu."

Nikanywa. Sikusema ahsante.

Nilizaa mtoto wa kike, mzima, analia kama kaibiwa. Bi Rukia alinikanda arubaini nzima, huku akinitukana kuwa sijui kubeba mtoto. Tulikaa nyumba ile miaka mingine mingi, na yule dada wa Mombasa akaja akatukuta tumelizunguka sinia. Kwa mara ya kwanza hatukuwa na haja ya kuigiza, hata pilipili tuligombania mbele yake.

Sasa somo, maana najua hamtaniacha bila ya somo. Kijana, ukipewa chumba, uliza nyumba ya nani. Ukijibiwa, uliza na huyo kaipata kwa nani, mpaka ufike mwisho. Anayekupangisha ikiwa naye kapanga, idhini ya mwenyewe iwe kwa maandishi, kwani huyo akitoka nawe umetoka. Na mtu akikwambia useme wewe ni ndugu yake, jua anakuvua upangaji hapo hapo, wala hakuvishi udugu. Udugu mtautafuta wenyewe, na mnaweza msiupate.

Haya, uwanja wenu. Nani kawahi kufanywa mpwa wa mtu ili apate chumba? Semeni, msione haya, mimi nshajivua nguo mbele yenu.

Mwajuma naye yupo, hai, mdomo ule ule. Kila Ijumaa wajukuu zangu wanampelekea sahani ya chakula. Miaka yote hiyo hajasema ahsante hata mara moja, na siku atakayoisema nitagombana naye.