Njugu za Siku ya Mtakatifu Agnesi

Mtu akikaanga njugu karibu nami, hata leo uzeeni, huinuka nikaondoka. Wengine husikia njaa, mimi husikia aibu. Ngojeni niwaambie, maana nimechoka kuinyamazia.

Tulikaa Riruta, Nairobi, miaka ya hamsini. Rafiki yangu Agnesi alikuwa Mluhya kama mimi, rika moja, mlango kwa mlango. Sista aliyetufundisha katekisimu alipanga Agnesi apokee Komunyo ya kwanza mwezi wa Januari, sikukuu ya somo wake, yule binti wa Roma aliyeuawa angali mtoto kwa kukataa kumkana Yesu. Mimi nilikuwa nimeshapokea Krismasi, nimevaa gauni la dada yangu lililonifika visigino. Yeye alishonewa gauni jeupe la lesi. Mama yake alikuwa yaya wa wazungu kule Kitisuru, na gauni lenyewe lilikuwa pazia kuukuu la memsabu. Nilijua ni pazia, na bado nililionea kijicho. Isitoshe, nyanya yake alikuwa amepanda gari la moshi kutoka Butere aje amwone akipokea.

Siku zile ukitaka Komunyo, ulikuwa huruhusiwi kula kitu tangu saa sita za usiku. Hata punje moja. Asubuhi tukienda kanisani, Agnesi akipiga domo kama kawaida yake, nilitoa njugu mfukoni nikamwekea mbili kiganjani. Shetani asisingiziwe, nilijua ninachofanya. Akazitupa mdomoni bila kufikiri, akatafuna, akameza, ndipo akasimama ghafla.

"Yesu wangu! Nimekula!"

"Nyamaza tu, mimi sitasema," nikamwambia.

Tulipofika mlangoni mwa kanisa, nikamkimbilia Sista nikamwambia Agnesi amekula.

Sista alimvuta kando. "Umekula?"

"Nimekula, Sista."

"Nani amekupa?"

Agnesi alinitazama.

"Nimekula mwenyewe," akasema.

Alikaa benchini na lesi yake, huku nyanya yake akirefusha shingo, haelewi kwa nini mtoto hainuki. Mimi nilipiga magoti mbele ya altare nikatoa ulimi, tumbo tupu, moyo mchafu. Agnesi alikuja kupokea siku ya Pasaka. Nyanya alikuwa amesharudi Butere, na hakufika Nairobi tena.

Agnesi hakunitaja hata kwa mama yake. Tuliendelea kuruka kamba pamoja, nami nikawa nangoja siku nzuri ya kumwomba msamaha, mpaka wakahama. Jamani, siku nzuri gani? Wakati huo nilidhani watakatifu wa kike ni wale wa kwenye picha, wenye taji na mwana-kondoo. Nimezeeka ndipo nikatambua kwamba mmoja alisimama mbele yangu pale mlangoni, miguu imejaa vumbi la Riruta, akanisitiri.

Siku hizi mfungo wenyewe ni saa moja tu, na padri aliniondolea dhambi ile zamani sana. Lakini kila sikukuu ya Mtakatifu Agnesi, watu wakipanga foleni kwenda kupokea, mimi hubaki benchini. Mjukuu wangu huniinamia sikioni.

"Nyanya, kwani umekula?"

"Nimekula mwenyewe," namjibu.