Bomba chini ya kiti cha dereva

Saa moja asubuhi, Raija Sorvali amelala chali chini ya lori lililotengenezwa miaka ya vita. Tochi ameibana kwa meno. Mkono wake wa kulia unapapasa bomba lililoliwa na kutu, na kila baada ya muda anaushusha kifuani kuupumzisha, kwa sababu bega lake limechakaa kama bomba lenyewe.

“Shika hapo,” anamwambia Voitto Lehtoranta, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa zamani wa kiwanda cha malori, wanaoimiliki karakana hii.

“Nimeshika tangu jana,” Voitto anajibu. “Wewe ndiye uliyelala.”

“Ningelala kweli kama sakafu isingekuwa ya baridi hivi.”

Raija ana umri wa miaka 67. Alianza kuchomelea vyuma akiwa msichana, katika kiwanda cha malori ya Jyry hapa kwenye mji huu mdogo kaskazini mwa jiji la Tampere. Kiwanda kilipofungwa alihamia kwenye mabodi ya mabasi, kisha kwenye matangi ya maji ya moto, kisha popote palipopatikana kibarua. Alistaafu miaka minne iliyopita, akapumzika msimu mmoja, akarudi kazini bila mshahara. Chama humpa kahawa, mkate mtamu wa iliki na mafuta ya gari ya kumfikisha nyumbani.

“Watu wanasema nafanya kwa mapenzi,” anasema akijivuta kutoka chini ya lori kwa kiwiko. “Mapenzi gani? Nimechoka mpaka nywele. Ila nilishaanza, na mimi kuacha kitu katikati sijui.”

Lori lenyewe ni Jyry la mwaka 1942, la mwisho lililobaki. Wakati linaundwa, petroli yote ilikwenda mstari wa mbele, na chuma kizuri kiliifuata hukohuko. Viwanda vya magari vya Ulaya miaka hiyo vilibuni kwa makombo. Hapa kwetu makombo yalikuwa kuni.

Nyuma ya kichwa cha lori lilifungwa tanuri refu la bati. Dereva alilijaza vipande vya kuni kavu, akawasha, akasubiri. Hewa iliyotoka kwenye moto ule ilipoozwa, ikachujwa, ikapelekwa kwenye injini badala ya petroli, na lori likaenda. Halikwenda kasi, na mlima ulilitoa jasho, lakini lilifika.

Shida ni kwamba hewa hiyo ndiyo ileile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Haionekani, wala hainuki.

Baba yake Raija, Eemeli Sorvali, aliendesha lori la aina hii vita vyote, na baada ya vita akaendelea nalo mpaka petroli iliporudi. Raija, aliyezaliwa baadaye, hakuwahi kumjua baba mwingine zaidi ya yule aliyelala kwenye benchi la jikoni mchana kweupe, kitambaa kibichi kikiwa kimemfunika uso. Kichwa kilimuuma. Alisahau majina ya majirani. Vikombe vilimponyoka. Vibarua vilimshinda kimoja baada ya kingine, na kijiji kikampa jina: Eemeli wa Benchi.

“Mama hakuwa mtu mbaya,” Raija anasema. “Lakini alikuwa na ng’ombe wa kukamua na mume aliyelala. Anampita na ndoo, anamwambia, ‘Vita vimeisha, Eemeli, amka.’ Baba anajibu, ‘Naamka.’ Haamki.”

Aliyeumia zaidi ni kaka yake, Kauko. Alikuwa na kichwa chepesi darasani, na mwalimu alikuja mpaka nyumbani kuwasihi wazazi wasimtoe shule. Hawakuwa na la kufanya. Akiwa na miaka kumi na minne alipewa msumeno, akaingia msituni kukata magogo na watu wazima, kwa kuwa nyumba ilihitaji mwanamume mmoja anayesimama.

Eemeli alifariki mwaka 1976. Kauko alibeba jeneza pamoja na wengine, kisha akapanda baiskeli akarudi kazini. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena makaburini. Ndugu hawa wawili walizungumza kila kitu, samaki, wajukuu, magoti yao, isipokuwa baba yao.

Januari mwaka huu, Raija alipokuwa aking’oa sakafu ya lori, alikuta jambo ambalo hakulitarajia. Bomba la hewa kutoka kwenye tanuri halikuzunguka nje. Lilikatiza ndani, chini ya kiti cha dereva, na hapohapo ndipo vipande viwili vilipounganishwa, kwa kamba ya kuziba, isiyoshika moto, iliyokuwa imebaki unga.

Hawalaumu waliolichora. “Njia fupi inakula chuma kidogo, na chuma hakikuwepo,” anasema. “Walikuwa na haraka na njaa, kama kila mtu. Madereva waliambiwa wafungue madirisha. Sasa wewe, kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, utafungua dirisha? Nilikaa pale chini nikaliangalia lile bomba. Juu yake ndipo baba alipokuwa anaweka makalio yake, mchana kutwa.”

Alifunga kamba mpya kwenye kiungo, vilevile kama ilivyokuwa zamani. Ndani akaweka kile kipimo cha hewa ya sumu ambacho watu huweka kwenye nyumba zao za mapumziko ziwani. Kisha akampigia simu Kauko na kumwambia aje aone kitu. Kauko alidhani dada yake anaumwa na hataki kusema, akaja siku hiyohiyo.

“Umenitoa nyumbani nije nione kutu?” alimuuliza, mikono mifukoni. “Kutu ninayo mwenyewe.”

Raija aliwasha tanuri uani. Injini ilikohoa, ikatetemeka, ikatulia. Alifunga milango na madirisha ya lori, na wote wawili wakabaki nje wakinywa kahawa ya chupa. Kahawa haikuwa imeisha walipoanza kusikia mlio mwembamba kupitia kioo.

Kauko aliuliza ni nini. Raija alimweleza bomba linapita wapi, na kipimo kinalilia nini. Alimweleza pia alichowahi kusimuliwa na mama yao, kwamba wakati wa baridi kali baba alikuwa akilala humohumo ndani ya lori, moto ukiwa bado haujazimika, kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto.

“Kwa nini hakusema?” Kauko aliuliza.

“Angesema nini? Hakujua.”

Raija anasema kaka yake alifungua mlango, akazima injini, akalishusha dirisha la upande wa dereva mpaka chini, kana kwamba kuna mtu ndani.

Je, ni hewa hiyo iliyommaliza Eemeli? Raija alimuuliza muuguzi wa kituo cha afya. Muuguzi alimwambia inawezekana sana, lakini leo hakuna wa kuthibitisha. “Mimi sitafuti cheti,” Raija anasema. “Nilitaka Kauko asikie ule mlio.”

Kazi haikuishia hapo. Chama kinataka lori liongoze gwaride la majira ya joto, likiwa limebeba watu. Raija alisema bomba lipitishwe nje kwanza. Baadhi ya wanachama walikataa, wakidai lori likibadilishwa si la mwaka 1942 tena. Voitto mwenyewe alikuwa upande wao, na anakiri bila haya.

“Nilimwambia, dada, historia hairekebishwi kwa grenda,” anasema. “Akaniambia basi tulitengeneze bila yeye. Akavaa koti.”

Mkutano ungevunjika kama si Kauko, ambaye wala si mwanachama. Alikuwa amekuja tu kumpeleka dada yake nyumbani. Aliinuka kwenye kiti cha nyuma akasema kwa upole: “Msiliguse basi. Mimi nitaliendesha, madirisha yamefungwa. Mtanikuta mwisho wa barabara.”

Walikubaliana bomba la zamani litundikwe ukutani, na chini yake yaandikwe majina ya madereva wote wa Jyry wanaokumbukwa. Jipya litapita nje. Ndilo linaloandaliwa asubuhi hii.

Saa nne, bomba la zamani linatoka. Raija na Voitto wanalilaza juu ya meza taratibu. Raija anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, macho mekundu. Voitto anamsogezea kikombe cha kahawa.

Mipango yake ni michache. Atamaliza bomba jipya kabla ya barafu ya ziwani kuyeyuka. Majira ya kupukutika kwa majani atafanyiwa upasuaji wa bega, na baada ya hapo, anaapa, hatashika tena chuma cha kuchomelea. Anataka kulala mpaka jua limkute kitandani. Voitto anasema kiapo hicho amekisikia mara nyingi.

Lakini kuna safari moja kabla ya hayo yote. Juzi Kauko alimpigia simu, akauliza kaburi la baba liko upande gani, kwa kuwa hakumbuki.

“Nilimwambia tutakwenda Juni, ardhi ikishalainika, tupande maua,” Raija anasimulia. “Akasema Juni ni mbali, twende Jumapili. Nikamwambia, kaka, makaburi bado yamefunikwa na theluji, jiwe hutaliona. Akasema, ‘Nitakuja na beleshi.’”