Kadi Nyekundu ya Nyumba Namba Kumi na Nne

Bwana Gotthilf Rapp alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kati ya hiyo thelathini nzima aliitumia kuwafundisha majirani kutupa taka. Usicheke. Kwetu Mühlbronn, huku kwenye vilima vya kusini mwa Ujerumani, taka si mchezo. Mtu anaweza kukosa kanisani mwaka mzima asiguswe na mdomo wa mtu. Lakini aweke kopo la mtindi kwenye pipa la kahawia, aone. Jina lake litafika kwa muuza mikate kabla yeye hajafika.

Pipa la kahawia ni la vya kuoza: maganda, mabua ya kabichi, makapi ya kahawa, nyasi za bustani. Alhamisi asubuhi unalisimamisha ukingoni mwa barabara, gari linakuja, linalinyanyua, linalimwaga, linapeleka vitu kwenye mboji. Wapakiaji wakikuta nailoni ndani, hawakutukani. Wanatundika kadi nyekundu mpinini, wanaliacha pipa lako limejaa vilevile, wanakwenda zao. Heri wangekutukana, maana tusi hupita na upepo. Kadi ile inakaa pale ikipepea, na mtaa mzima unajua kusoma.

Bwana Rapp hakuwahi kupata kadi. Alikuwa mnyapara wa kiwanda cha misumeno zamani, akastaafu kiwandani, hakustaafu unyapara. Alitembea na bakora, na kwa ncha ya bakora ile alifunua mapipa ya watu kama daktari anayefunua shuka la mgonjwa.

"Bwana Maurer! Huo ni mfuko wa nailoni, au macho yangu yamezeeka?"

"Ni wa kuoza, Bwana Rapp. Umeandikwa kabisa."

"Umeandikwa! Hata kaburi la mwizi huandikwa kwamba alikuwa mtu mwema. Toa."

Na Maurer alitoa. Mtu mwenye mbwa mkubwa na ndevu, alitoa.

Ila kuna jambo ambalo mtaa haukulijua, na mimi nililijua kabla yao, kama kawaida yangu. Bwana Rapp alizijua sheria za taka kwa mdomo tu. Kwa mkono hakuzijua. Jikoni mwake, chini ya sinki, kulikuwa na ndoo tatu, na aliyezijaza, akazichambua, akazimwaga, akaziosha kwa miaka arobaini na nne ni mkewe, Irmela. Bwana alisukuma pipa mpaka barabarani na kurudi akipangusa mikono, kana kwamba amelima shamba.

Mwezi wa tisa Irmela akapasuliwa nyonga, akapelekwa wiki tatu kwenye kituo cha mazoezi, mwendo wa saa mbili kwa treni. Jioni ya kwanza Bwana Rapp akafungua mlango wa chini ya sinki. Ndoo tatu zikamtazama. Zote nyeupe. Ya maganda ni ipi?

Simu ilikuwa palepale ukutani. Angempigia mkewe, angejibiwa kwa maneno manne. Lakini fikiria mwenyewe: mwalimu wa mtaa aulize ndoo ya maganda ni ipi! Irmela angecheka mpaka nyonga mpya ichomoke. Akachukua ndoo ya katikati, akaweka vyote humo: maganda ya viazi, wavu wa vitunguu, karatasi za nailoni zilizofunika vyakula vya dukani, mkebe wa soseji, bomba la haradali. Alijiambia atachambua baadaye. Na baadaye ikawa Jumatano, gari ni kesho, taka zimekuwa za ndoo nne, na harufu yake ikamfukuza. Akamimina yote kwenye pipa, akakata majani ya hidranja, lile ua la bustanini, akafunika juu. Pipa likapendeza kama jeneza la tajiri.

Asubuhi akayasukuma mapipa mawili, kama alivyofanya kwa miaka sita. La kwake, namba kumi na nne, na la Bi Hiltrud Schanz wa namba kumi na mbili, mjane wa miaka themanini na mbili ambaye mgongo wake haukupatana tena na magurudumu. Hilo, nisimnyime haki yake, alilifanya kwa moyo, wala hakulitangaza zaidi ya mara moja kwa wiki.

Gari lilikuja saa moja na robo. Bwana Rapp alikuwa nyuma ya pazia. Mpakiaji akafunua pipa la Bi Schanz, likapanda, likashuka tupu. Akafunua la kumi na nne. Akatazama hidranja. Kisha akachukua fimbo yake, akaichomeka katikati ya majani, akainua, na kwenye ncha ya fimbo ukaning'inia wavu wa vitunguu, mwekundu, ukibembea.

Bwana Rapp alihisi masikio yamewaka. Alimwona yule mtu akitoa kadi mfukoni bila haraka, akaifunga mpinini kwa uzi, gari likaondoka.

Alitoka na kandambili. Nia yake, aliapa baadaye, ilikuwa kulirudisha pipa uani, basi. Lakini kona ya juu alimwona Maurer anashuka na mbwa wake. Kulivuta pipa lililojaa mpaka uani, kupanda ngazi mbili, kungechukua dakika nzima. Mapipa yale mawili yalikuwa sawa kama mayai ya kuku mmoja. Namba ya nyumba ipo kwenye kibandiko kidogo chini ya mpini, ukubwa wa stempu, na nani huinama kukisoma? Lililojaa alilisukuma hatua nne tu, mpaka mbele ya geti la Bi Schanz. Lile tupu akalivuta mbele ya geti lake. Hatua nne. Mtu anaweza kwenda mbali sana kwa hatua nne.

"Ala!" Maurer akasimama. Mbwa naye akasimama. "Bi Schanz kapewa kadi?"

Hapo ndipo Bwana Rapp alipokuwa na nafasi yake. Angeweza kunyamaza. Badala yake alitikisa kichwa, akavuta pumzi kama mchungaji kwenye mazishi, akasema:

"Uzee, bwana. Uzee."

Maurer akasikitika, akamsukumia Bi Schanz pipa lile mpaka uani, akaenda kununua mkate, akaupeleka uzee wa Bi Schanz dukani pamoja naye.

Mpango wa Bwana Rapp ulikuwa mzuri, kama mipango yote ya waongo. Mchana angekwenda kwa Bi Schanz, angejitolea kulichambua pipa lile, jambo lingekwisha. Lakini alipofika uani kwa mjane alimkuta mwenyewe ameinama juu ya pipa, amevaa glavu za kuoshea vyombo, kila kitu amekipanga sakafuni juu ya gazeti: nyavu, karatasi za nailoni, mkebe.

"Bwana Rapp," akasema bila kuinua kichwa, "njoo unitazamie. Hili bomba ni la nini?"

"Ni... haradali, Bi Schanz."

"Haradali." Akaligeuzageuza. "Sijala haradali tangu tumbo langu lilipoharibika, marehemu mume wangu Helmut alikuwa hai. Sasa nimeinunua lini? Na nani kaila?"

Bwana Rapp akatazama viatu vyake.

"Na soseji hizi. Mimi nyama nala Jumapili tu." Akajinyoosha, mkono kiunoni, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na hofu. "Wakati wa baridi nilisahau sufuria motoni, unakumbuka. Ile nakumbuka niliisahau. Lakini hii hata kuisahau sikumbuki. Mtu anakula, anatupa, na hana habari. Itakuwa ndiyo imeanza."

"Ah, kila mtu husahau, Bi Schanz. Hata mimi..."

"Wewe? Wewe husahau nini!" Akamshika mkono na glavu ileile yenye maji ya taka. "Nakuomba kitu kimoja. Binti yangu Anke anakuja Jumapili. Usimwambie habari ya kadi. Tangu ile sufuria ananitafutia chumba kwenye nyumba ya wazee. Alisema, mama, ishara moja zaidi. Moja tu. Mimi nataka kufia humu, Bwana Rapp, na miti yangu ya plamu."

"Sitamwambia," akasema Bwana Rapp, na kwa bahati mbaya ilikuwa ahadi ambayo angependa sana kuitimiza.

Usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa hakulala, na Jumamosi alifagia mbele ya nyumba yake, akafagia na mbele ya nyumba ya Bi Schanz, akafagia mpaka mawe yakaomba radhi. Irmela alipopiga simu kuuliza kama anakula, alisema anakula. Alipouliza mbona sauti imekuwa ndogo, alisema ni mafua. Aliukumbuka mkono ule wenye glavu. Mtu anayekuamini ni mzigo mzito kuliko pipa lililojaa, tena huwezi kumsukuma mbele ya geti la mwenzio.

Jumapili saa tisa Bi Schanz alimwita kwenye kahawa na keki ya plamu, chini ya dirisha la jikoni. Anke alikuwepo, mwanamke wa miaka hamsini, karani wa bima, mwenye macho yaliyochoka kwa kumpenda mama yake kutoka mbali. Na mezani, kando ya keki, kulikuwa na kijitabu chenye picha ya vizee wanaocheka. Hakuna aliyehitaji kumwambia habari ya kadi. Anke alikuwa amesimama kwa muuza mikate njiani.

"Bwana Rapp," Anke akasema, "wewe unamwona mama kila siku. Hakuna mtu anayeyajua mapipa kama wewe. Niambie kweli. Ni hali ya kutisha?"

Bwana Rapp alikuwa na keki mdomoni. Alitafuna. Alitafuna tena kile alichokwisha kumeza.

"Mwache mzee wa watu," Bi Schanz akasema kwa upole. "Amenifichia vya kutosha. Anke, nimefikiri. Haradali ile imenimaliza. Nionyeshe hicho chumba. Kina dirisha?"

Akakivuta kijitabu kwake. Akavaa miwani.

"Pipa ni langu," akasema Bwana Rapp.

"Lipi?"

"Lenye kadi. Haradali ni yangu. Soseji zangu. Nilibadilisha mapipa Maurer alipokuwa anakuja."

Anke akatabasamu kwa huzuni, akamgusa bega. "Wewe ni jirani mwema sana. Lakini huu si wakati wa kumfichia mama."

"Simfichii mama yako! Nilijificha mimi!"

"Bwana Rapp ashindwe kutenganisha taka? Tafadhali."

Na ng'ambo ya ua, Maurer, aliyekuwa akinyunyizia maua maji huku ametega masikio yote mawili, akapasua kicheko: "Rapp na kadi nyekundu! Afadhali uniambie samaki kazama!"

Ndiyo hayo sasa. Miaka thelathini alilijenga jina lake jiwe juu ya jiwe, na leo alihitaji kutoka ndani yake, hana mlango. Ilimbidi aombe kuaminiwa kwamba ni mwongo. Akainuka, akaenda nyumbani, akarudi anasukuma pipa tupu kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika ndoo nyeupe ya jikoni. Akalilaza pipa juu ya nyasi, magurudumu juu, kama kondoo wa kukatwa manyoya.

"Soma chini ya mpini."

Anke akainama. "Kumi na mbili," akasoma polepole.

"Hilo ndilo la mama yako. Nalo lilikuwa safi, lilimwagwa. Lile la uani kwenu soma mwenyewe." Kisha akainamisha ndoo. Ndani mlikuwa na taka za siku tatu zilizofuata: maganda, nailoni, wavu mwingine wa vitunguu, na bomba la haradali, mwenzake wa lile la Alhamisi. "Sijui ndoo ya maganda ni ipi," akasema. "Irmela ndiye anayejua. Mimi sijawahi kujua."

Maji ya Maurer yalikuwa yanamwagika juu ya viatu vya Maurer. Bwana Rapp alisubiri acheke. Hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Anke alikichukua kijitabu, akakirudisha mkobani. Hakukichana, alikirudisha tu. Bi Schanz alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya meza kwa uangalifu mwingi.

"Siku tatu, Bwana Rapp," akasema. "Siku tatu nimelala nikijiuliza mimi ni nani. Nilikuwa naandika kwenye karatasi kila ninachokula, ili nijishike. Jana usiku niliandika: supu. Nikaamka kwenda kuhakikisha sufuria ina supu."

"Nisamehe, Bi Schanz."

"Maliza keki yako uende."

Akaimaliza. Huwezi kuacha keki ya mtu kwetu, hata siku ya kuaibika. Kila tonge liliteremka kama jiwe.

Kadi ikarudi mahali pake, namba kumi na nne, na pipa haliwezi kuchukuliwa mpaka lichambuliwe. Jumatatu alimpigia Irmela. Hakucheka. Alisema tu, "Ya kushoto, Gotthilf. Na unatandika gazeti chini."

Jumatano mchana alichambua mbele ya nyumba, si uani. Mtaa ulipita. Maurer alipita na mbwa, akanyoosha kidole kama bakora, akafungua mdomo, akaufunga, akasema "Jioni njema" saa nane mchana.

Alipokuwa ameinama, akisikia damu kichwani, alisikia magurudumu yakilia. Bi Schanz alikuwa akilivuta pipa lake mwenyewe, hatua moja, pumziko, hatua moja. Bwana Rapp akakurupuka.

"Bi Schanz, lete nikusaidie..."

"Usiliguse."

Akalipitisha mbele yake, akalipeleka mpaka mwisho kabisa wa ua wake, mbali na geti la kumi na nne, akaligeuza sawasawa. Mpini, hata hivyo, aliuelekeza barabarani, kibandiko kikiwa nje, kila apitaye akisome. Akarudi akishika mgongo. Alipofika kwa Bwana Rapp alisimama, akachungulia ndani ya pipa lake.

"Uzi wa kufungia nyama ule pale," akasema. "Hauozi huo."

Na alisimama palepale, mikono kifuani, mpaka Bwana Rapp alipoutoa.