Nyoka Mweupe Siku ya Zamu Yangu

Nilikuwa nimelima mashamba ya wanawake wengine msimu mzima, mtoto mgongoni, matope mpaka magotini, na siku ambayo wao walipaswa kulima langu, nyoka akatokea. Wala hakuwa nyoka wa kawaida. Mweupe. Miaka imepita, lakini nikiikumbuka siku ile mkono wangu bado unatafuta jembe, na si kwa ajili ya nyoka.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru, hapa Butembo. Bwana wangu alikuwa mwalimu kule Beni, na mshahara wake ulikuwa kama ufufuko wa wafu: tuliuamini, hatukuuona. Tulikula kilichotoka kwenye udongo. Mzungu mmoja wa kahawa alikuwa amefunga nyumba yake, akapakia gari, akashika njia ya Kasindi kwenda Uganda. Shamba lake, konsesyon yake kama alivyoiita, likagawanywa na kapita wa mlima, yule aliyeamua nani alime wapi. Mimi nilipewa kipande cha mwisho kabisa, pale kahawa ilipokuwa imekufa na majani yamefika kifuani. Amri ya kapita ilikuwa fupi: kipande kisicholimwa kabla ya mvua kinapewa mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine alikuwa tayari akipita pale kila asubuhi. Anasimama, anapima kwa macho, anakohoa, anaenda.

Kipande kile mwanamke mmoja anayenyonyesha hakiwezi. Ndiyo sababu nilikuwa kwenye kikundi. Kwetu wanawake tunalima kwa zamu: leo wote kwako, kesho wote kwangu, na mwenye shamba anapika chakula cha mchana. Kiongozi wetu tulimwita Mama Mukubwa, mjane mwenye sauti ya kengele ya parokia. Alikuwapo Mama ya Mapasa, jirani yangu, mama wa mapacha, aliyejua dhambi za kila mtu isipokuwa zake. Na alikuwapo mke wa askari, mwanamke wa jimbo la mbali la Équateur, aliyemfuata mume wake mpaka kwenye baridi yetu hii na kulima huku akiimba Kilingala. Wengine waliosalia walikwenda popote sauti ya Mama Mukubwa ilipokwenda.

Asiseme mtu kwamba mimi ni mwoga. Kule Lubero, shuleni kwa masista, niliokota kinyonga mwenye pembe tatu nikamweka kwenye mkono wangu, na darasa zima likapanda juu ya madawati. Sista akaniambia kwa tabia hiyo sitapata mume. Nilimpata, na kuna siku nilimkumbuka yule kinyonga kwa heshima zaidi. Kwenye njia ya Beni, kule chini kwenye joto, nimeona kenge akikata barabara mbele ya lori letu, polepole, tumbo mbele, kama mkubwa wa kazi anayekagua mitaro. Dereva alizima mota akamngojea apite. Watu wote ndani ya lori wakanyamaza kama kwenye misa.

Basi asubuhi ya zamu yangu nilibeba sufuria ya maharage na kikapu cha obundu, ugali wetu wa muhogo, tukaingia sote shambani kutafuta kivuli cha kuweka chakula. Katikati palikuwa na rundo la mawe ambayo wafanyakazi wa mzungu waliyakusanya zamani. Mama ya Mapasa akatenganisha majani.

Alikuwa amelala juu ya jiwe, urefu wake kama mkono na nusu, mweupe kama kiazi kilichomenywa sasa hivi, na chini ya shingo, pale ngozi ilipopanda na kushuka, wekundu kidogo kama wa ukucha wa mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu kama kahawa iliyoiva mtini. Aliinua kichwa, akakielekeza upande ambao hatukuwapo, akatoa ulimi. Nikasema moyoni: huyu ni mzuri. Nilipogeuka niwaambie wenzangu, walikuwa wameshafika barabarani.

"Ni yeye!" Mama ya Mapasa alikuwa anapiga kelele. "Minawaambia, ni yeye mwenyewe! Muzungu amerudia shamba yake!"

"Muzungu gani?" nikauliza.

"Wa kahawa! Weye ulishaona nyoka mweupe wapi? Uko na masomo, sema!"

"Ule muzungu alienda Uganda na gari. Na alikuwa na masharubu."

"Nyoka atafuga masharubu wapi, we mama?"

Mke wa askari alikuwa amechuchumaa, anajaribu upanga kwa kidole gumba. "Miye sijui muzungu, sijui nani. Kwetu ile ni nyama. Bakubwa ndio banakula kichwa."

"Nyama!" Mama Mukubwa akatema mate. "Utaipikia mu sufuria ya nani? Yangu, hapana!"

"Na yangu, hapana!" mwingine akadakia.

"Na ukimukula muzungu, serikali itakufunga," akasema Mama ya Mapasa.

"Serikali? Mais, ni bwana yangu ndiye serikali, na hata viatu haiko nayo."

Nikawaambia nyoka ni nyoka, tupige makelele ataondoka. Mama ya Mapasa akajibu kwamba nyoka ni shetani, hiyo iko wazi ndani ya Biblia. Nikamuuliza shetani mweupe amemwona ukurasa gani. Akasema shetani anajificha. Basi kama anajificha, nikasema, huyu aliyelala juani si shetani. Mama Mukubwa akapiga mpini wa jembe chini.

"Inatosha. Mutu hapana kulima juu ya mutu. Tunaenda."

"Na shamba yangu? Mvua iko karibu!"

"Mungu anajua."

Wakachukua majembe. Kisha Mama Mukubwa akaitazama sufuria niliyokuwa nimeibeba kichwani tangu kucha. Akaitazama tena.

"Maharage hayana kosa," akasema. "Kuyarudisha nyumbani ni zambi."

Wakakaa pale pale kando ya barabara. Jembe walikataa, maharage walikula. Walikula mpaka wakapangusa sufuria kwa obundu, na Mama ya Mapasa, akijilamba vidole, akaniambia chumvi ilipungua. Mtoto wangu alianza kulia. Nilimwonea wivu.

Jumamosi bwana wangu akafika na lori la Beni. Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, kama anavyosikiliza mwalimu, mikono nyuma.

"Nyoka mweupe ni jambo la kawaida katika elimu ya viumbe," akasema kwa Kifaransa chake cha darasani. "Amezaliwa bila rangi, kama vile watu wengine. Hana hatari zaidi ya nyoka yeyote."

"Vizuri. Jembe ni lile pale."

Akakumbuka kwamba mguu wake unamuuma tangu lori lilipopita Mavivi. Jumapili baada ya misa ukapona, ili apande lori.

Nilikwenda peke yangu Jumatatu. Nilianzia pembeni, mbali na mawe, mtoto nimemlaza juu ya kitenge. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimesafisha mahali pa kukaa kuku. Yule mtu mwingine akapita, akasimama, akakohoa. "Courage, mama, jipe moyo," akaniambia. Nikamwambia akohoe mbele ya nyumba yake.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Mama Mukubwa mwenyewe. Nilifika mapema kuliko wote. Nikaweka jembe langu chini, nikakaa juu yake, nikatoa titi, nikanyonyesha. Wao wakainama wakaanza kulima.

"We mama, huoni mustari?" Mama Mukubwa akaniita.

"Ninaona. Ninangoja chakula."

Majembe yakasimama.

"Unangoja nini?"

"Chakula, mama. Kwangu hamukulima, mulikula. Leo miye pia, jembe hapana, mudomo ndiyo. Na tena kwako niliona nyoka, pale kwa migomba."

Mama ya Mapasa akaruka pembeni. "Mweupe?"

"Mweusi."

"Aa, mweusi! Mweusi haiko kitu."

"Ah bon? Mweupe akilala kwa shamba yangu, ni muzungu, munakimbia. Mweusi akilala kwa shamba ya Mama Mukubwa, haiko kitu. Donc tulipata uhuru ya nini, kama hata nyoka, mweupe ndiye mukubwa?"

Mke wa askari alicheka mpaka akakaa kwenye udongo. Wengine walimtazama Mama Mukubwa kwanza, wajue kama kucheka kunaruhusiwa. Mama Mukubwa alikuwa amefura. Mdomo ukamtetemeka, upande mmoja, halafu wa pili, na sauti ile ya kengele ikapasuka, akacheka huku akinitukana, mimi na shule iliyonifundisha.

"Shika jembe, mutoto mubaya. Kesho tunaenda kwako. Lakini mawe yake hatugusi!"

"Musiyaguse."

"Na majani ya karibu na mawe."

"Mumuachie. Iwe konsesyon yake."

Nikainuka, nikalima. Nililima kwa hasira, mstari wangu ukawaacha wote nyuma, na saa ya kula nilikula vilevile.

Kesho yake walikuja kweli. Walianzia pembeni, kwenye pande zote nne, majani yakaanguka, udongo mweusi ukafunuka unanuka vizuri. Walikuwa wanaogopa, kwa hiyo walipiga makelele, na kwa hiyo ilikuwa kama arusi. "Pardon, patron, tunapita tu!" "Patron, leta ile mishahara ya zamani!" Mke wa askari alilima karibu zaidi ya wote, upanga kiunoni, macho kwenye mawe. Alikuwa amekuja na sufuria yake mwenyewe.

Kufikia mchana palibaki duara la majani kuzunguka mawe, kubwa kama jiko la nyumba. Nadhani ni majembe yaliyomtikisa nyoka. Alitoka.

Ndani ya majani alikuwa amefichika, lakini sasa majani hayakuwapo. Alitoka kwenye udongo mtupu, mweusi, mchana kweupe, naye mweupe kama uzi wa kushonea. Alikwenda mbele, akasimama, akageuza kichwa huku na huku kwa yale macho mekundu. Jua lilikuwa linamchoma, hiyo hata mimi niliiona. Alikuwa anatafuta majani, na majani tulikuwa tumeyakata sisi. Mke wa askari akachomoa upanga.

Hakupiga hatua mbili. Kutoka kwenye mikaratusi akashuka tai, yule mweusi mwenye ushungi kichwani kama mwanamke aliyetoka kusuka. Tulisikia mabawa, basi. Akamchukua mbele ya macho yetu, akapanda naye juu ya shamba la kahawa, na yule mweupe akining'inia na kujikunja angani.

Kisha mke wa askari akatupa upanga chini.

"Nyama yangu imepanda ndege!"

Na Mama ya Mapasa, mkono juu ya macho, anamsindikiza: "Muzungu anarudi Ulaya. Safari njema, patron! Salimia kwenu!"

Walianguka. Kweli walianguka, mmoja juu ya mwingine, majembe huku, vitambaa vya kichwa kule. Nilicheka nao, ubavu ukaniuma. Lakini macho yangu yalibaki kwenye ile mikaratusi kwa muda, na nilijua kilichomfanya aonekane: ni mimi niliyetaka shamba langu liwe safi, nikagombana na kila mtu mpaka likawa safi. Ningegombana tena. Mtoto alikuwa lazima ale.

Mama Mukubwa alijipangusa machozi, akatazama lile duara la majani, kisha akanitazama mimi.

"Na hii sasa ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema. "Mucheke mukiinama. Wingu ile munaiona?"

Wakainama. Tulilima mpaka kwenye mawe, mawe tukayavingirisha mpaka mpakani, na nilikuwa nimeshaanza kutupa mbegu upande wa juu wakati wao bado wanalima upande wa chini. Mvua ilitukuta hatujamaliza. Hakuna aliyekimbia. Barabarani, yule mtu mwingine alisimama kidogo akilowa, akakohoa, akaenda zake.