Karanga za Bibi Zilizokwenda Ng'ambo

Wiki iliyopita, nikisubiri gari stendi ya Tunduma, mama mmoja alikuwa akikaanga karanga karibu yangu, na harufu ile ikanirudisha kijijini kwetu Msangano moja kwa moja. Nilinunua, nikazimaliza kabla gari halijaondoka. Usinicheke. Ungelelewa na bibi yangu, hata wewe ungezimaliza.

Bibi alikuwa mwalimu wetu wa shule ya Jumapili. Miaka ile ya tisini, kanisa moja la ng'ambo lilikuwa limefunga urafiki na letu: wao walituletea mabati, sisi tukafyatua matofali, na barua zikawa zinakwenda na kurudi. Kila barua yao iliuliza watuombee nini. Nasi tulijibu mvua, mbegu, dawa. Siku moja Bibi akasimama baada ya ibada. "Mchungaji, kila siku sisi tu ndio wa kuombewa? Hebu waulize na wao wana shida gani."

Jibu lilichukua miezi. Mchungaji alitusomea: tuwaombee watoto wao, maana kanisani hawaji tena, wamebaki wazee watupu.

Tulishangaa. Tulidhani kule hakuna kinachokosekana. Bibi peke yake hakushangaa. "Watoto hawaji bila kitu cha kutafuna," alisema. Alijua anachosema, kwa sababu hata sisi tulizifuata karanga zake. Aliyetulia mpaka mwisho wa somo alipata konzi moja ya karanga, mpiga kelele nusu.

Basi kiangazi kile alipokuja mgeni wao, mama mrefu mwenye kofia, Bibi alitutia kazini. Tulichambua karanga tangu asubuhi, nzima huku, mbovu kule, na ole wako uonekane unatafuna. Alizikaanga kwa moto mdogo, akazijaza kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa kitenge.

"Mwanangu, hizi ni za watoto," alimwambia mgeni, mchungaji akitafsiri. "Wape somo likiisha. Ukiwapa kabla, wanakimbia."

Mgeni alilikumbatia kopo, machozi yakamtoka. Bibi akatunong'oneza kwamba labda ana njaa.

Tangu hapo kila jioni tuliwaombea watoto wale, na kila mara mchungaji alipopita Bibi aliuliza kama barua imefika. Ilipofika, mchungaji hakuisoma kanisani. Aliileta nyumbani. Watoto hawakupewa zile karanga. Kule, aliandika yule mama, wapo watoto ambao karanga huwadhuru, wakila huvimba koo, hata kufa.

"Mayo!" Bibi alikaa chini pale pale jikoni. "Karanga iue mtoto? Kumbe nilitaka kuua watoto wa watu?" Sikuwahi kumwona akilia, nami nikalia naye.

"Subiri, Mama, haijaisha," mchungaji alisema. Karanga zilikuwa zimeliwa na wazee. Zamani ibada ikiisha kila mtu alikimbilia gari lake, lakini Jumapili ile walikaa kulizunguka kopo mpaka mchana, wakitafuna na kusimuliana. Ndipo wakajua kwamba mmoja wao analea mjukuu. Jumapili iliyofuata akamleta. Mtoto mmoja.

Bibi alijifuta uso kwa khanga. "Anaitwa nani?"

Lilikuwa jina la kukunja ulimi, lakini aliliandika kwenye daftari lake la mahudhurio, pamoja na yetu.

Siku hizi barua hazipo. Kanisa lile, nasikia, liliunganishwa na jingine. Bibi tulishamzika, na watoto wa sasa wana viti vya plastiki na kipaza sauti, nami nafurahi kwamba wamejaa. Lakini nazikumbuka mno asubuhi zile, Bibi akiita majina moja moja. Akifika kwa yule msichana wa ng'ambo ambaye hatukumwona hata siku moja, alitutazama juu ya miwani, nasi sote tukamwitikia kwa nguvu: "Yupo!"